Yoga kwa anayeanza na mwili uliokaza: nichague aina ipi kati ya hizi?

mgongo_mgumu

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kuchagua. Nina miaka 43, nipo Dar, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Nikiinama miguu ikiwa imenyooka, vidole vya mikono vinaishia katikati ya miundi. Nina presha ya juu, natumia dawa na kwa sasa imetulia. Daktari ameniruhusu kufanya mazoezi. Studio iliyo jirani ina ratiba ya hatha, vinyasa, ashtanga, yin, Iyengar na yoga ya chumba cha joto, na kote wameandika kwamba wanaoanza wanakaribishwa. Kwa mwili kama huu tofauti yake ni nini hasa? Na ninunue vifaa gani? Sina haja ya kujikunja kama wale wa kwenye picha. Nataka mgongo na nyonga vilegee, na nitoke darasani nikiwa mzima.

Pumzi_Tano

Karibu dada. Jina la darasa lisikupe shida. Uliza mambo mawili: mkao mmoja mnaushikilia kwa muda gani, na je, mwalimu husimama kueleza au mnaunganisha tu moja kwa moja hadi mwisho?

Sehemu kubwa ya hayo majina imetoka kwenye shina moja. T. Krishnamacharya alifundisha kwenye kasri la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Mwanafunzi wake K. Pattabhi Jois alibaki Mysore na kuendeleza ashtanga: mikao ile ile, kwa mpangilio ule ule, huku ukiruka kutoka mmoja kwenda mwingine. Mwingine, B.K.S. Iyengar, aliyekuwa dhaifu sana wa afya utotoni, alihamia Pune mwaka 1937 na njia yake ikawa ya kusimama kwenye mkao, kuurekebisha, na kutumia mikanda, vipande vya mbao, mablanketi, viti na ukuta ili asiyefika naye afike. Vinyasa ya studio nyingi za leo ni mtoto wa ashtanga, ila mpangilio anaamua mwalimu.

Kwa hali uliyoeleza, anza na Iyengar. Hapo mkao wa kusimama unaweza kushikiliwa nusu dakika hadi dakika nzima, na mwalimu anakuambia kisigino kiende wapi na goti lielekee wapi. Wengine huiona inachosha kwa maelezo, lakini mtu anayeanza anahitaji maelezo hayo zaidi ya jasho. Hatha ya polepole inafuata, kwa sharti kwamba umemuuliza mwalimu kwanza, maana neno hatha kwenye ratiba hubeba kila kitu.

Vinyasa na ashtanga ziache kwa miezi ya mwanzo. Chukua ashtanga: darasa hufunguliwa kwa salamu ya jua (mfululizo wa mikao inayounganishwa kwa pumzi) ya kwanza mara tano, kisha ya pili mara tano. Ya kwanza ina kushuka kwa mikono, kama pushapu, mara moja, ya pili ina mara tatu. Maana yake umeshashuka mara 20 kabla hata ya mikao ya kusimama. Mikono ya mtu wa mezani haiwezi: mabega yanaanguka chini ya usawa wa viwiko, uzito wote unatua mbele ya bega na kwenye kifundo cha mkono, na baada ya wiki chache maumivu yanaanzia hapo.

fizio_wa_mtaa

Naunga mkono, ila niongeze upande wa presha, kwa sababu ndiyo itakayokuondolea baadhi ya madarasa kabla ya mambo ya misuli.

Yoga ya joto iache kabisa. Ile ya mfumo wa Bikram ni mikao 26, dakika 90, chumba kikiwa karibu nyuzi 40. Joto hupanua mishipa ya damu, na presha inashuka; dawa nazo zinaishusha. Ukiinuka ghafla kutoka sakafuni unaona giza. Kama dawa zako ni zile za kukojoza maji, ndio kabisa. Na kwa jiji hili, hata darasa la kawaida tafuta la asubuhi, kabla saa moja na nusu, au chumba chenye feni.

Mengine ya kumwambia mwalimu mapema: husimami kwa kichwa, husimami kwa mabega, hubani pumzi, na hufanyi zile pumzi za haraka za kusukuma tumbo. Mkao wa mbwa, ule wa mikono na miguu chini na makalio juu, fanya kwa ukuta: viganja ukutani kwa usawa wa nyonga, rudi nyuma hadi mwili uwe pembe ya mraba. Mgongo na mapaja vinanyooka vizuri tu, na kichwa kinabaki karibu na usawa wa moyo. Wenye presha ya macho nao wafuate hivyo hivyo, kwa kuwa kichwa kikiwa chini presha ndani ya jicho hupanda.

Ukimaliza kulala chali, geukia ubavu, kaa hapo pumzi tano, kaa kitako nusu dakika, ndipo usimame.

Sasa misuli ya nyuma ya paja. Imeshikana na mfupa wa kukalia, kwa hiyo ikikaza inauvuta fupanyonga kwa nyuma. Ukilazimisha kushika vidole vya miguu, nyonga hazisogei. Kinachopinda ni kiuno, na mzigo unakwenda kwenye pingili za chini. Kunja magoti. Ukihisi mvuto katikati ya paja uko sawa. Ukihisi maumivu ya kuchoma pale chini kabisa ya kalio, kwenye mfupa wenyewe, toka: hiyo ni kano inayoshikanisha msuli na mfupa, na ikichokozwa inachukua miezi kupona.

Asubuhi_Mapema

Mkuu Pumzi_Tano, nipingane nawe kidogo kwenye ashtanga. Darasa la kuongozwa kwa sauti, nakubali, si la mgeni. Lakini kuna darasa la mtindo wa Mysore, ambapo kila mtu anafanya kwa kasi yake na mwalimu anapita kwa mmoja mmoja. Mgeni anafundishwa salamu ya jua tu siku ya kwanza, anafanya dakika 20 au 30, analala chali, anaondoka. Mkao mpya unaongezwa ule wa nyuma ukishakaa. Kwa anayeanza huo ni utulivu mkubwa, maana hakuna wa kumkimbiza. Ugumu wake ni saa (alfajiri) na kwamba unatakiwa kwenda siku nyingi kwa wiki.

Na yin isichukuliwe kuwa ni rahisi kwa sababu mmekaa chini. Mnakaa dakika tatu hadi tano kwenye mkao mmoja, misuli ikiwa imelegezwa, ili mvuto ufike kwenye tishu zinazoshikanisha viungo. Mtu aliyekaza kama dada huyu hufaidika, akiwekewa mito chini ya magoti. Ganzi au mchomo wa umeme kwenye mguu ukianza, unatoka, hungoji dakika ziishe. Wanaoumia zaidi kwenye yin ni wale wa viungo vilegevu, wanaofika mbali bila kuhisi chochote.

Ukitaka kupumzika tu, tafuta darasa la kurejesha nguvu: unalazwa juu ya mito na mablanketi dakika 10 au 15 kila mkao, bila kuvutwa popote. Wengi huchanganya hili na yin.

Pumzi_Tano

Hoja ya Mysore naipokea, akipatikana mwalimu wake.

Vifaa, dada. Mkeka wa mpira wa unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha. Ile minene ya sponji ya milimita 10 na zaidi ni mitamu kwa magoti lakini ukisimama mguu mmoja unayumba, kifundo cha mguu kinafanya kazi isiyo yake. Bora mwembamba, kisha kunja taulo chini ya goti. Mkeka wa ukindu juu ya vigae unateleza, usiutumie kwa mikao ya kusimama. Urefu wa kawaida ni kama sentimita 173. Mtu mrefu atafute unaozidi 180.

Mkanda usinunue. Khanga iliyokunjwa kwa urefu inafanya kazi ile ile na haikati mkono. Vipande vya kuegemea nunua viwili, vya sentimita 23 kwa 15 kwa 10, au tumia kiti. Kiti kiwe cha mbao au chuma, kisukumwe ukutani. Cha plastiki miguu yake hutanuka kwenye vigae ukikiwekea uzito.

Kwa siku usizokwenda darasani, hii ni kama dakika 25, mara tatu kwa wiki. Lala chali, miundi juu ya kiti, dakika 3. Vuta pumzi kwa kuhesabu 4, toa kwa 6, bila kuibana. Kisha shusha miguu, pitisha khanga kwenye unyayo wa mguu mmoja, uinue ukielekea dari, mwingine ukiwa umekunjwa goti. Dakika 1 kila upande, mara mbili. Hapa paja linavutika huku kiuno kikiwa salama sakafuni, ndiyo maana kwako ni bora kuliko kuinama. Halafu viganja na magoti chini, pinda na nyoosha mgongo mara 8 kufuata pumzi. Mbwa wa ukutani pumzi 8.

Kisha mkao wa pembetatu. Ndio unaoharibiwa zaidi, nikae hapo kidogo. Tanua miguu kama sentimita 90 hadi 100, mguu wa kulia uelekee nje, mkono wa kulia utue juu ya kiti. Juu ya kiti, si sakafuni. Anayelazimisha sakafu akiwa na paja lililokaza, kifua chake kinageukia chini, goti linasukumwa kwa nyuma, na upande wote wa juu unaporomoka. Kaza misuli ya mbele ya paja ili goti livutwe juu, lisifungwe. Shingo ikichoka, tazama mbele tu. Pumzi 5, badili upande.

Malizia na daraja: chali, nyayo chini kwa upana wa nyonga, inua makalio pumzi 5, mara tatu. Nyuma ya paja ikishikwa na mkakamao, visigino viko mbali. Vivute karibu na makalio. Magoti yasikimbie nje. Mwisho lala chali dakika 5 hadi 7, khanga iliyoviringishwa chini ya magoti. Usikate hizo dakika.

Ukila chakula kizito, ngoja muda wa saa mbili au tatu kabla ya kuanza.

mgongo_mgumu

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mawili yamebaki. Nikikaa nimekunja miguu, baada ya dakika mbili miguu inakufa ganzi na mgongo unapinda. La pili, dini: kuna wanaoniambia darasani huimbwa maombi.

fizio_wa_mtaa

Ganzi: unakaa chini mno. Magoti yakiwa juu ya nyonga, fupanyonga linalala nyuma na mgongo lazima upinde. Kalia blanketi zilizokunjwa, sentimita 10 kwa kuanzia, ongeza hadi magoti yawe sawa na nyonga au chini yake. Jaza khanga chini ya kila goti ili lisining'inie. Mguu uliokuwa mbele ubadilishe nusu ya muda. Ikishindikana, kaa kwenye kiti, nyayo zote chini, hakuna kinachopungua. Ila ganzi ikikufuata hata ukiwa umesimama au umelala, mwone daktari kabla ya darasa.

Asubuhi_Mapema

Kuhusu kuimba: inategemea aina, na ni haki yako kuuliza kabla ya kulipa. Ashtanga hufunguliwa kwa maneno ya Kisanskriti, darasa la Iyengar mara nyingi huanza kwa kumtaja Patanjali, mwandishi wa kale wa mafundisho ya yoga. Sivananda na kundalini, aina nyingine za yoga, huimba zaidi ya hapo. Madarasa ya gym na ya hospitali kwa kawaida hayana kabisa. Mwalimu anayejua kazi yake atakuambia ukae kimya wakati huo au uingie baada ya dakika tano, na hatakasirika.

Mpigie simu umuulize na haya: darasa lina watu wangapi (zaidi ya 15 hatakuona), kuna kiti na vipande vya kuegemea, anauliza kuhusu magonjwa kabla ya kuanza, na je, anaomba ruhusa kabla ya kukugusa? Anayekusukuma mgongo ili ufike chini, usirudi kwake. Cheti cha ualimu cha mafunzo ya saa 200 kinaonyesha amehudhuria mafunzo ya kuanzia. Bado muulize ana miaka mingapi ya kufundisha watu wenye presha.