Mrejesho: Fungu la michezo la shule yetu, Malindi

Mwezi uliopita niliuliza kama fungu la michezo la shule yetu ya msingi hapa Malindi linunue jezi au limlipe mkufunzi kutoka nje ya shule. Nawashukuru mlionijibu, hasa aliyetaja England, ambako mwaka 2013 serikali ilianza kutenga fedha kama hizo, nazo shule zikalazimika kutangaza zilivyotumika. Jezi tuliziacha (watoto walinuna). Mkufunzi alikuja kwa sharti kwamba walimu wafundishe pamoja naye, ili akiondoka ujuzi ubaki. Mwalimu wa gredi ya tatu, aliyezoea kuketi chini ya mwarobaini na filimbi mfukoni, sasa huchora njia za mbio mchangani kwa jivu. Hesabu tumeibandika mlangoni mwa ofisi, ikiwemo mipira miwili iliyokwisha kutobolewa na miiba.