Mayai ya siki: maji yamechafuka, ute kama mpira, kiini hakina ladha. Kosa liko wapi?

Kibanda_Tegeta

Wadau wa mapishi, salaam. Naomba msaada wa mayai ya siki, yale yanayokaa kwenye chupa kubwa juu ya kaunta katika maduka ya chipsi kule Uingereza. Lengo ni kuyauza kibandani pamoja na chipsi na mishikaki, chupa ikae mezani mteja aione.

Yalivyotengenezwa ni hivi. Mayai 15 ya kisasa, yametoka bandani siku hiyohiyo, yamechemshwa dakika 25. Kumenya kulikuwa kazi, nusu yametoka na mabaka. Kila yai limetobolewa kwa kijiti cha meno matundu matatu ili siki iingie. Siki nyeupe ya dukani ya asilimia 5, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji. Chumvi ya mezani vijiko 2 vya chai, manjano ya unga kijiko 1, kitunguu saumu, pilipili mbuzi. Vyote vimechemka pamoja na mayai dakika 10 kwenye sufuria ya alumini, kisha chupani, mfuniko wa bati, juu ya meza.

Leo ni siku ya nne. Ukiinua chupa kwenye mwanga, yai la katikati halionekani. Ute ni mgumu kama mpira, kiini kina rangi ya kijani pembeni na hakina ladha ya siki hata kidogo. Nirekebishe wapi?

Fundi_Achari

Mkuu, kabla ya yote: chupa hiyo usiuze, na usionje tena. Sababu ni yale matundu na ile meza. Nitarudi hapo.

Kumenya. Yai la siku hiyohiyo ni gumu kumenyeka vizuri. Likiwa bichi kabisa, ute wake unashikamana na utando wa ndani ya ganda. Yai likikaa, hewa ya kaboni inatoka polepole kupitia ganda, ute unazidi kuwa wa magadi (kinyume cha asidi) na utando unaachia. Tumia mayai ya siku 7 hadi 10. Kama hujui umri wake, liweke kwenye bakuli la maji: lililolala chali ni bichi mno kwa kazi hii, lililoinua upande butu huku ncha ikigusa chini ndilo unalolitaka, linaloelea tupa.

Kuchemsha. Usianze na maji baridi. Maji yachemke kwanza, shusha mayai kwa upawa, punguza moto yatokote taratibu dakika 12 kwa yai la kawaida. Kwa kienyeji dogo dakika 10 zinatosha. Toa, tumbukiza kwenye maji ya barafu dakika 10 kamili. Dakika 25 ndizo zilizokupa ute wa mpira na ile pete ya kijani: joto likizidi, salfa ya ute inakutana na chuma cha kiini. Pete haina madhara, ila mteja akiikata yai akaiona hatarudi.

Kumenya kwenyewe: gonga yai kidogo pande zote, liviringishe mezani chini ya kiganja mpaka ganda lote liwe kama kioo cha gari kilichopasuka, kisha anzia upande butu penye mfuko wa hewa. Ingiza kidole gumba chini ya *utando*, siyo chini ya ganda tu. Ukiushika utando, ganda linatoka kama soksi. Fanya ndani ya bakuli la maji. Yai lenye baka au ufa liliwe siku hiyohiyo, lisiingie chupani. Ufa unamwaga kiini, na kiini ndicho kinachochafua maji.

Siki. Hapa ndipo kosa kubwa. Kikombe kimoja kwa viwili inakupa asidi ya asilimia 1.7 hivi, na ute wa yai una asili ya magadi, kwa hiyo unaila hata hiyo kidogo. Kipimo cha chupa ya lita moja, mayai 12 madogo au 9 hadi 10 makubwa:

siki ya asilimia 5, mililita 375 (kikombe kimoja na nusu)
maji, mililita 125
chumvi isiyosagwa laini, vijiko 2 vya chai
sukari, kijiko 1 cha chai
pilipili manga nzima kijiko 1, mbegu za giligilani kijiko 1, karafuu 3, kijiti kifupi cha mdalasini, punje 2 za kitunguu saumu, pilipili 1 kavu

Kama chupa ya siki imeandikwa asilimia 4, usitie maji kabisa. Kama haijaandikwa chochote, iache dukani.

Chemsha siki na viungo *bila mayai*, dakika 5 moto mdogo, kwenye sufuria ya stili au ya enameli. Alumini inaliwa na siki na kuacha ladha ya sarafu. Chupa iwe ya kioo, imechemshwa dakika 10 na bado ina joto, imesimama juu ya kitambaa au ubao, la sivyo itapasuka. Panga mayai, mimina siki ya moto mpaka yafunikwe yote kwa kina cha kidole kimoja. Mfuniko wa plastiki. Kama ni wa bati, weka kipande cha nailoni safi katikati, maana siki itautia kutu na kutu itadondokea ndani.

Viungo vya unga achana navyo. Manjano ya unga, chumvi laini yenye dawa ya kuzuia kugandana, na kiini kilichovuja kupitia matundu: hao watatu ndio wamechafua maji yako. Lakini maji yanaweza kuchafuka pia kwa sababu ya vijidudu (bakteria), na kwa macho huwezi kutofautisha. Ukiona na povu, utelezi, au mfuniko umeinuka, hakuna cha kujadili.

Kiini kukosa ladha ni suala la siku tu. Yai dogo linahitaji wiki 1 hadi 2, kubwa wiki 2 hadi 4, ndani ya friji. Siki inasafiri polepole mno ndani ya ute. Ukilikata la wiki moja utaona: ute wa nje umekuwa na weupe mkavu usiong'aa, wa ndani bado unang'aa. Mpaka huo ndio siki ilipofika.

Mpwani_wa_Kale

Shukrani fundi, ila hapo kwenye friji sikubaliani. Siki ni dawa ya kuhifadhi tangu zamani. Huku pwani achari ya embe na ya ndimu inaanikwa juani kwenye chupa wiki nzima, inakaa kabatini mwaka, na haina tatizo. Iweje yai ndani ya siki lidai friji? Wengi hawana friji, na umeme wenyewe ndio huu.

Fundi_Achari

Swali zuri, kaka, na ndilo linalowadanganya wengi. Embe bichi na ndimu zina ukali wake zenyewe, mpaka ndani. Unazikata vipande vyembamba, unazipaka chumvi, jua linazitoa maji, mafuta na pilipili vinafuata. Hakuna sehemu ya kipande isiyo na asidi hata siku ya kwanza.

Yai ni kinyume cha hayo yote. Ute una asili ya magadi, kiini hakina ukali wa maana, ni kizito na kimejaa mafuta na protini, na katikati hakuna hewa. Maji ya nje yanaweza kuwa makali ya kukunja uso, huku kiini kwa siku nyingi hakijui kama kuna siki. Bakteria anayeitwa klostridiamu botulinamu anataka mahali hasa kama hapo: pasipo na hewa, pasipo na asidi, penye joto la chumbani. Mbegu zake zimo kwenye udongo na vumbi kila mahali na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Mstari unaotumiwa ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali unaongezeka). Chini ya hapo hazioti, juu ya hapo zinaota na kutoa sumu.

Sasa matundu ya kijiti. Ukitoboa unadhani unaifungulia siki njia, kumbe unamsukuma mdudu kutoka nje mpaka kwenye kiini, kisha tundu linajifunga nyuma yake. Mwaka 1997 huko Illinois, Marekani, mzee wa miaka 68 aliyekuwa mzima wa afya alipooza baada ya kula mayai ya siki ya kutengeneza nyumbani. Yalikuwa na bitiruti na pilipili, yametobolewa kwa vijiti vya meno, chupa imekaa kwenye joto la chumbani na mara nyingine ikipigwa na jua. Walipopima, maji ya siki yalikuwa makali vya kutosha. Sumu ilikuwa nyingi zaidi ndani ya kiini.

Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Dalili mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula: kuona vitu viwiliviwili, kope kuanguka, ulimi mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unashuka mwilini mpaka kwenye misuli ya kupumulia. Ukiona hayo ni hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari umekula nini.

Asiye na friji asitengeneze mayai ya kuhifadhi. Achemshe ya leo, ayakate, ayamwagie siki na kachumbari, yaliwe leo. Chakula kitamu na hakina deni.

Jikoni_Nairobi

Naongeza mawili matatu.

Walio nyanda za juu: Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Dakika 12 za Dar ni 13 hadi 14 hapa. Kiini kikibaki na doa jeusijeusi lenye unyevu katikati, hakijaiva, kisiende chupani.

Mayai ya kware yanafaa sana kwa siki. Dakika 4 hadi 5 za kuchemka, ganda lake ni laini na utando ni mgumu, kwa hiyo ukishaushika unamenya lote kwa mzunguko mmoja. Kwa kuwa ni madogo, wiki moja ya friji siki imefika ndani.

Rangi: badala ya manjano ya unga, tumia bitiruti. Mtindo huu ni wa jamii za Wajerumani wa Pennsylvania, Marekani. Maji yaliyochemshia bitiruti kikombe 1, siki kikombe 1 na nusu, sukari ya kahawia kijiko cha chai, na vipande vichache vya bitiruti iliyoiva. Baada ya siku tatu ukilikata unaona ukingo wa waridi umezunguka ute mweupe na kiini cha njano. Rangi peke yake haionyeshi siki ilipofika, kwa hiyo usidanganyike kwamba yai liko tayari.

Na kula: Wajerumani wana yai la maji ya chumvi na maganda ya kitunguu, wanaliita *Solei*. Wanalikata nusu, wanatoa kiini kizima bila kukivunja, kwenye shimo wanatia haradali, tone la siki, tone la mafuta na pilipili manga, kisha wanarudisha kiini kikiwa kimepinduka na kulitia nusu lote mdomoni. Jaribuni hivyo kwa yai la siki, punguzeni tu siki ya shimoni. Kwa hapa kwetu linakwenda vizuri na kitu kikavu chenye wanga: muhogo wa kukaanga, viazi karai, chipsi. Na ugali halinogi, ukali unakuwa peke yake.

Kibanda_Tegeta

Asanteni sana. Nimeelewa, naanza upya. Maswali mawili: kibandani nitayawekaje kama chupa haitakiwi mezani? Na siki ya mnazi ya Tanga naweza kutumia?

Fundi_Achari

Siki ya mnazi hapana kwa kuhifadhi. Ladha yake ni nzuri kuliko ya dukani, lakini ukali wake unabadilika kila pipa na huna cha kupimia. Imwagie juu ya yai wakati wa kula.

Kibandani: chupa kubwa ibaki kwenye friji, nyuzi 4 au chini. Asubuhi toa kwa koleo safi, si kwa mkono, idadi ya kuuza siku hiyo tu, uweke kwenye chupa ndogo pamoja na maji yake, ndani ya boksi la barafu. Yai likikaa nje ya ubaridi, lisizidi muda wa saa 2, na kwa joto la Dar la juu ya nyuzi 32 lisizidi muda wa saa 1. Lililobaki halirudi kwenye chupa kubwa. Andika tarehe kwenye mfuniko. Ndani ya miezi 3 yawe yamekwisha, ingawa kwa utamu wiki ya 3 hadi ya 6 ndiyo yenyewe, baada ya hapo ute unazidi kukaza. Ukitaka mteja aone chupa mezani, jaza ndimu na pilipili.

Watengenezaji wa viwandani, ambao mayai yao hukaa kaunta, wanapima asidi ya kiini chenyewe kabla ya kuuza. Wewe huna kipimo hicho, una friji.

Na ile chupa ya sasa: usiwatupie kuku wala mbwa, kuku nao hupooza kwa sumu hiyohiyo. Funga mayai kwenye mfuko mara mbili, yaende kwenye taka. Chupa na koleo vichemshe dakika 10, nawa mikono kwa sabuni, na mfuniko ule wa bati utupe.