Ukumbi tumejenga wenyewe, sasa kodi yote iende jimboni. Ni wa nani?

Mshika Daftari
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wa wanaojua, maana huku kwetu hali si shwari na mweka hazina wa parokia ndiye mimi.

Tuna ukumbi. Tuliuanza mwaka 2009, jumuiya kwa jumuiya: kila kaya mifuko miwili ya saruji, asiye nayo alikuja kusomba maji. Mimi nilibeba maji ya zege nikiwa na mimba ya kitindamimba wangu, na leo yuko sekondari. Tulipaua 2014. Siku hizi harusi moja ni laki nne pamoja na viti, na humo ndimo tunamolipa umeme, mlinzi na posho ya makatekista wa vigango vitatu.

Jumapili iliyopita, kwenye matangazo, paroko akasoma barua kutoka jimboni. Kuanzia mwezi ujao kodi yote iingie akaunti ya jimbo, na lile eneo la nyuma lenye migomba apewe mwekezaji ajenge fremu za maduka. Akaikunja, akatoa baraka. Watu walibaki nje ya kanisa hadi saa nane mchana. Vijana wanataka mahakama, kina mama wanasema zaka isimame kwanza.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alinifuata na risiti ya mchango ya mwaka 2011, kaitia leminesheni kama cheti. Akaniuliza, "Mama, hii sasa niitupe?" Nilikosa jibu. Sitaki ugomvi na baba askofu. Nataka tu kujua ukumbi ni wa nani.

Kiwanja Namba
Hati inasomaje? Kama ni Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo, na nyingi husomeka hivyo, basi kwa serikali mwenye eneo ni hao. Majina ya wadhamini ulizieni RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Mahakamani mtamnenepesha wakili tu.

Frateri Aliyerudi Nyumbani
Milele amina, mama. Niliacha seminari mwaka wa mwisho wa teolojia, lakini Sheria za Kanisa hazikuniacha.

Kiwanja Namba kasema nusu. Ndani ya Kanisa, parokia iliyoundwa kihalali ni nafsi ya kisheria yenyewe, yaani inaweza kumiliki mali kwa jina lake (kanoni, yaani kifungu, cha 515), si tawi la jimbo kama matawi ya benki. Na kanoni 1256 inasema mali ni ya nafsi iliyoipata kihalali. Kwa hiyo jina la jimbo kwenye hati halimalizi swali. Askofu anasimamia, hilo halina ubishi, na kanoni 1263 inamruhusu kutoza parokia. Lakini tozo iwe ya kiasi, ilingane na mapato, na kwanza asikilize baraza lake la fedha na baraza la mapadre. Kuchukua kodi yote sijui ni kiasi cha wapi.

Ila msishangilie. "Mali ya parokia" si "mali yetu sisi waumini". Anayesimama kisheria kwa niaba ya parokia ni paroko (532). Kamati ya fedha ni lazima iwepo (537), lakini kazi yake ni kushauri. Yaani wa kuwatetea ni yuleyule ambaye askofu anaweza kumhamisha. Ndiyo maana aliikunja barua haraka.

Mambo mawili. Kanoni 1267: sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Daftari lako limeandika nini hasa? Na kama barua ile ni amri, maombi ya kuibatilisha au kuirekebisha anaandikiwa aliyeitoa, ndani ya siku 10 tangu mjulishwe (1734). Hesabuni.

Nshomile wa Missouri
Wanaotaka mahakama wanisikilize. Naishi St. Louis, Marekani. Hapa kuna kanisa la Wapolandi, St. Stanislaus Kostka, parokia ya tangu 1880. Mwaka 1891 Askofu Mkuu Kenrick mwenyewe aliiandikisha mali kwa shirika la wanaparokia, lenye bodi yake. Mwaka 2004 Askofu Mkuu Burke akataka mpangilio uwe kama wa parokia nyingine, yaani mamlaka yawe kwa paroko na askofu. Bodi ikagoma. Agosti mwaka huohuo akaondoa mapadre. Februari 2005 wajumbe wakazuiwa sakramenti. Wakamleta padre mwenzao kutoka jimbo lingine, Marek Bozek, na Desemba 2005 yeye na wajumbe wakatangazwa kutengwa na Kanisa, parokia ikafutwa. Mkesha wa Noeli watu walijaa kanisani hata hivyo.

Mwaka 2012 mahakama ikasema mali ni ya shirika, na 2013 jimbo kuu likaacha rufaa. Walishinda. Jengo wanalo, ila si parokia ya Kanisa Katoliki tena. Na hao walikuwa na hati mkononi, mama. Ninyi mna risiti yenye leminesheni.

Mwanakwaya
Zaka isimame? Askofu atakula vilevile. Atakayelala njaa ni katekista wa kigango.

Mshika Daftari
Asanteni. Mwanakwaya, hilo la katekista nitalisema kwa kina mama kama lilivyo.

Jana usiku nilishusha kaunta buku la kwanza juu ya kabati, limeliwa na mende pembeni. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa mtangulizi wangu, marehemu: "Michango ya kujenga ukumbi, mapato yake yasaidie makatekista." Chini kuna sahihi ya paroko wa wakati ule na muhuri. Katikati ya kurasa nikakuta barua ya mjane aliyetoa eneo la migomba. Ameandika lijengwe chekechea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Frateri, barua ilisomwa Jumapili, leo Alhamisi. Nimempigia paroko nikamsomea ukurasa wote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema niende kesho baada ya misa ya asubuhi, niende na daftari, vijana nisiende nao.