Vinyozi wa Kigoma mjini, mnatupaka nini usoni?

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sitapunguza maneno. Wenye saluni za kiume hapa mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, naomba mtuambie leo kwenye vile vikopo vyeupe visivyo na jina wala karatasi kuna nini humo ndani, maana sisi tunakaa kwenye kiti, tunafumba macho, tunapakwa, tunalipa, tunaondoka, hakuna anayeambiwa kapakwa kitu gani na wengi wetu tunaona aibu kuuliza.

Sisemi saluni zote. Wapo vijana wanaofanya kazi safi, mashine wanazifuta vizuri, taulo ni la kwako peke yako, hao nawaheshimu na nywele zangu wananyoa wao. Nawasema wale wengine na wenyewe wanajijua.

Mdogo wangu wa kuzaliwa tumbo moja anafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi, mtu wa juani kutwa nzima. Ndevu zake ni zile za kujikunja kama za wengi wetu, akinyoa lazima shingo na chini ya kidevu patoke vipele. Kinyozi wake akamwambia broo hii kitu ndogo, kaa hapo kwa dada akufanyie skrabu halafu atakupaka krimu yetu vipele unavisahau. Na kweli mwanzoni ilifanya kazi aisee, vipele vikakauka, uso ukawa laini ukaanza kung'aa, watu sokoni wakawa wanamwambia siku hizi umetakata. Akauziwa na kikopo cha kwenda nacho nyumbani, elfu kumi, apake asubuhi na jioni. Hakuambiwa aache lini. Hilo ndo linaniuma kuliko yote, hakuambiwa aache lini!

Baada ya muda akiruka siku mbili tu uso unawaka moto, unakuwa mwekundu, unawasha, vinatoka vichunusi vidogo vidogo mashavuni ambavyo hakuwahi kuwa navyo hata alipokuwa anabalehe. Akipaka tena unatulia. Akirudi saluni kulalamika anaambiwa ndo dawa inatoa uchafu huo kaka, ongeza dozi. Anaongeza. Leo ukimwangalia kwa karibu ngozi ya shavu imekuwa nyembamba mpaka vimishipa vyekundu vinaonekana, na jua la saa saba pale mwaloni hawezi kulisimamia tena, anajifunika kitenge kichwani kama mgonjwa.

Sasa harusi ikafika. Asubuhi ile nilikuwepo chumbani, yule dada mpambaji aliyekuja kwa ajili ya bibi harusi ikabidi ashughulike na bwana harusi kwanza, maana kwa ule wekundu picha zisingefaa. Anapaka fondesheni kwa sponji taratibu, kila sponji ikigusa shavu mdogo wangu anavuta kichwa nyuma, macho yamejaa machozi, na wajomba pembeni wanacheka eti mwanaume anapakwa poda. Mimi sikucheka. Bwana harusi kupakwa poda asing'ae kwenye kamera ni jambo la kawaida kabisa, watangazaji wa TV wanaume wanapakwa kila siku kabla ya taarifa ya habari na hakuna anayeshangaa. Aibu ilitakiwa iwe ya yule aliyemharibu uso.

Tukampeleka kwa daktari. Akaangalia, akauliza maswali mawili matatu, akasema hizi ni dalili za steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe, iliyopakwa kwa muda mrefu. Kwa wasiojua, hizi krimu za kuchanganya mara nyingi zinatiwa dawa kali kama klobetasoli, ambayo ni moja ya steroidi zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Hospitali inatolewa kwa cheti, kwa ugonjwa wa ngozi unaoeleweka, na kawaida isizidi wiki mbili mfululizo, na usoni ndo sehemu wanayokwepa kabisa kwa sababu ngozi ya pale ni laini. Inazima uvimbe haraka ndo maana mtu anaona kama muujiza, ila kilichosababisha vipele kipo palepale, na ngozi ikishaizoea ukiacha ghafla inalipuka. Yaani mtu anapaka ili kutuliza moto uliowashwa na kilekile anachopaka. Alichofanya daktari ni kumpangia namna ya kuiacha, na akasema kupona kunaweza kuchukua miezi, tuwe wavumilivu.

Na hivi vipele vyenyewe vinatoka wapi? Hapa ndo nataka vijana msome vizuri. Nywele ya kujikunja ukiikata chini kabisa ya ngozi, ikianza kuota inajipinda inachoma ngozi na kuingia ndani, mwili unaiona kama mwiba, panavimba. Basi. Siyo uchafu wala damu mbaya. Kinyozi anayekupitisha mashine kinyume na nywele zinavyoota, anabonyeza, anarudia palepale mara nne ili uone kumeteleza, halafu anakumwagia spiriti, ndiye anayekutengenezea vipele. Halafu huyohuyo anakuuzia krimu ya kuviondoa. Wiki ijayo unarudi ananyoa vilevile. Mnaona biashara ilivyokaa? Pesa anakula mara mbili kwenye shavu moja.

Tena bora ingekuwa steroidi peke yake. Kwenye mikorogo hii kuna hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na kuna mingine ina zebaki, hiyohiyo zebaki ambayo wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu, inazuia ngozi isitengeneze rangi yake, inapenya inaingia kwenye damu na kuharibu figo. Na haibaki kwa mpakaji tu, mtoto unayembeba na taulo mnalochangia navyo vinapata. Hidrokwinoni ukiizidisha miaka inageuka, badala ya kung'arisha inaweka weusi wa bluu bluu mashavuni ambao kuutoa ni kazi ngumu mno. Vyote hivi nchini kwetu ni marufuku kwenye vipodozi, tangu enzi za TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Zebaki hata kimataifa kuna mkataba wa kuidhibiti, wa Minamata wa 2013. Sheria ipo. Lakini kikopo hakina jina, hakina namba, hakina aliyetengeneza, sasa mkaguzi akija ataandika nini? Na sisi tupo mpakani, Burundi pale, Congo ng'ambo ya ziwa, boti zinaingia kila siku na mizigo halali na isiyo halali, na kingine kinakorogwa hapahapa nyuma ya pazia la saluni, kwa hiyo tusisingizie majirani tu.

Nilienda kumuona huyo kinyozi. Sikwenda kwa ugomvi, nilimsalimia vizuri nikamuuliza kaka hii krimu ina nini. Akanijibu "hii wateja wote wanapaka, ni ndugu yako tu ana ngozi mbaya". Nikamuomba anioneshe kopo kubwa anakochotea. Akasema bosi ndo anajua. Nikauliza bosi yuko wapi, amesafiri. Waliokaa wanasubiri kunyolewa wakaanza kucheka, mmoja akasema mwanaume unahangaika na krimu, wewe ni mwanaume wa Dar nini.

Hii kauli ya mwanaume wa Dar ndo inatumaliza jamani. Mwanaume akijali ngozi yake anaonekana legelege, basi anafanya kimyakimya, na anayefanya kimyakimya ndiye anayepigwa. Dada zetu angalau wanaambiana, hii mbaya, ile ilimchubua fulani, wana magrupu yao wanaonyana. Sisi kila mtu anaumia kivyake. Kijana wa ziwani anapigwa na jua juu na lingine linarudi kutoka kwenye maji, anahitaji mafuta ya kawaida usiku, anahitaji losheni ya kukinga jua, na anahitaji kuambiwa kwamba ndevu zikimsumbua anaweza kuziacha fupi bila kuzikata mpaka chini, vipele vinapungua vyenyewe. Vitu vya bei ndogo kabisa. Badala yake anauziwa sumu ya elfu kumi.

Ninachotaka ni hiki. Mwenye saluni, kabla hujanigusa uso niambie unapaka nini, nioneshe chombo chake chenye jina na tarehe, usichokijua usinipake. Spiriti ni ya kusafishia mashine siyo ya kuogeshea shingo yangu. Na nyie mnaofanya ukaguzi, msiishie kwenye maduka ya vipodozi ya akina mama, ingieni na saluni za kiume, fungueni zile droo chini ya kioo.

Kikopo cha mdogo wangu ninacho, kimebaki robo, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni na Jumatatu nakipeleka TBS. Kama una cha kwako kilichokuharibu, awe ni wewe au ndugu yako, usikitupe, andika hapa chini umekinunua mtaa gani, tuvipeleke vingi kwa pamoja wasije wakasema ni kesi ya mtu mmoja.