Ni nini humfanya mtu wa kawaida asogee wakati wengine wanarudi nyuma?

Mwanakibosho (Moshi):
Ndugu zangu, ndege ya abiria ilipotumbukia katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 ambao 19 kati yao walifariki, wavuvi waliifikia mapema kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, kisha akaenda upande wa marubani hadi akapoteza fahamu. Serikali ilimpa shilingi milioni moja na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtaani kwetu husemwa kwamba alizaliwa na moyo wa simba. Mimi nina shaka, kwa sababu nawafahamu watu wenye moyo mkubwa ambao siku ya moto pale sokoni kwetu walibaki wamesimama wakipiga picha. Je, tofauti ni nini hasa?

Mpagazi Mstaafu (Marangu):
Mwanangu, nitajibu kwa ninalolijua. Moto wa Mlima Kilimanjaro ulipoanza tarehe 11 Oktoba 2020 katika eneo la Whona, kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanavijiji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na sisi wapagazi. Wengi wetu hatukuwa na vifaa, kwa hiyo tulikata matawi mabichi tukaupiga nayo, kazi ambayo huko juu ni ngumu kwa sababu vichaka vyake hushika moto haraka, na moto unaoudhania umekufa hufukuta chini ya mizizi kisha ukaibuka nyuma yako. Sikuwa shujaa. Nilizoea kubeba kilo 20 penye hewa nyepesi, basi nikabeba maji na chakula cha waliokuwa mbele. (Wala nisifiche: taarifa za awali zilisema huenda chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Tulipanda na aibu hiyo mgongoni, na nadhani nayo ilitusukuma.) Mvuvi hulijua ziwa, mpagazi huujua mlima, mwili hutangulia kabla akili haijaanza kuogopa.

Muuguzi (Arusha):
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila ujuzi wa kazi una mpaka wake. Majeruhi wa ajali ya gari akivutwa kwa mikono bila kushikiliwa shingo, uti wa mgongo unaweza kuumia zaidi. Kama hakuna moto wala maji yanayomtishia, ni afadhali aachwe alipo, jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi, na mtu apige 114, namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji. Msimu wa masika ni vilevile: maji ya korongo yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini tu, humwangusha mtu mzima.

Dereva wa bodaboda (Njiro):
Dada, hayo ni kweli, lakini anayepiga picha si lazima awe mwoga. Mwaka fulani nilimchukua majeruhi barabarani nikamfikisha hospitali. Kabla hajapokelewa nilidaiwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kisha nikakaa kwa muda wa saa nne nikieleza kwamba si mimi niliyemgonga, na abiria wangu wote wa jioni ile wakapotea. Mara iliyofuata, nakiri, nilisita kwanza nikatazama nani mwingine amesimama. Mvuvi wa Bukoba hakuulizwa karatasi yoyote pale majini.

Mwanakibosho (Moshi):
Ahsanteni. Maelezo ya mzee yamenikumbusha jambo nililolitazama vibaya siku ile ya moto sokoni. Aliyesogea wa kwanza alikuwa muuza gesi, akawa anaitoa mitungi nje mmoja baada ya mwingine huku bati la kibanda cha jirani likianguka, nasi tuliokuwa ng'ambo ya barabara tukasema anaokoa mali yake.