Uliwahi kutoa maoni ya Katiba? Tupeane uzoefu: sentensi yako iliishia wapi?

Mpiga Mstari (Morogoro): Wakuu, nahama nyumba, nimekuta rasimu yangu ya Juni 2013, ile ya kwanza ya Tume ya Jaji Warioba iliyokusanya maoni ya Katiba mpya ya Tanzania. Mende wameshaionja pembeni. Nilikuwa mjumbe wa baraza la katiba la wilaya yetu, na siku nzima iliishia kwenye Muungano uwe wa serikali mbili au tatu. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu hayo hayakumgusa. Aliazima biro yangu nyekundu, akapiga mstari pale panaposema wananchi wanaweza kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Akaupiga mara mbili, karatasi ikatoboka. Rasimu ya pili ilipokabidhiwa 30 Desemba 2013 kipengele kilikuwepo, pamoja na ukomo wa ubunge vipindi vitatu. Katiba Inayopendekezwa, yaani rasimu ya mwisho, ikapitishwa na Bunge Maalum 2 Oktoba 2014. Nimetafuta, hakuna. Nyie la kwenu lilifia wapi?

Mama Gesti (Dodoma): Langu ni la vitanda tu. Nilipangisha wajumbe wa Bunge Maalum, lile la kujadili rasimu ya pili, kuanzia Februari 2014. Nikadhani wamekuja kuandika, kumbe wiki za mwanzo zote ni kanuni: kura iwe ya wazi au ya siri. Usiku walibishana uani, mmoja na chai yake mkononi mpaka ikaganda utando. Tarehe 16 Aprili UKAWA, umoja wa wapinzani, wakasusa wakatoka ukumbini, kesho yake nikafua mashuka ya vyumba vitatu kwa mpigo. Hao walikuwa wateja wangu wazuri, walilipa mapema.

Mwalimu wa Nakuru: Poleni majirani. Sisi Kenya tulishapigia kura ndizi (ndiyo) na chungwa (hapana) 2005, rasimu ikaanguka. Ya 2010 Kamati ya Wataalamu iliandika waziri mkuu mwenye madaraka, wabunge wakaenda Naivasha wakarudi na mfumo wa rais. Halafu bungeni yakaletwa marekebisho kama 150, hata moja halikupita! Kila upande ulikuwa na lake na hakuna aliyefikisha kura. Tarehe 1 Aprili rasimu ikapita vile vile ilivyokuwa. Kilichonitisha ni nakala zilizochapishwa zikiwa na maneno mawili ya Kiingereza ya ziada, "national security" (usalama wa taifa), kwenye ibara inayowekea haki mipaka. Tangu siku hiyo niliwasomesha watu kijijini nakala mbili kwa pamoja, kidole huku na kidole kule. Agosti 4 nikapiga kijani, yaani ndiyo.

Mpemba Halisi: Mimi nilimsomea bibi. Katiba ya Muungano: Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar baada ya mabadiliko ya 2010: Zanzibar ni nchi. Bibi akavua miwani. "Mwanangu, hao walioandika walikaa chumba kimoja?" Sikuwa na jibu, nikamtilia uji.

Mama Gesti: 😂 Mpiga Mstari, yule mzee wa biro yupo?

Mpiga Mstari: Yupo, macho tu ndiyo yamepungua. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na yeye kila tukikutana msikitini ananiuliza imesogezwa mpaka lini. Biro yangu hajarudisha.