Nyoka yuko ndani ya nyumba: fundi wa dola 30, gundi au mazuti?

BabaKasaji
Jambo wote. Nyoka ameingia nyumbani leo mchana na bado yumo. Tumefunga mlango. Kuna njia tatu na pesa yangu inatosha moja tu. Kwanza, kuna fundi wa nyoka anayetaka dola 30, nusu apewe kabla hajafika. Pili, mke wangu anasema tununue zile gundi kubwa za panya, tuzitandaze sakafuni. Tatu, jirani ana mazuti (dizeli), anasema nikiyamwaga chini ya mlango nyoka atatoka mwenyewe. Giza linakaribia. Nichague ipi?

FundiMatofali
Ndani wapi, kaka? Chumba cha kulala, jikoni, depo? Nyoka wa namna gani, mkubwa kiasi gani? Na huo mlango mliofunga unatokea nje au unatokea sebuleni? Hujatuambia kitu bado.

MuuguziRuashi
Watoto wako wapi sasa hivi? Kuna aliyeumwa au aliyetemewa mate machoni? Jibu hayo kwanza, mengine yatafuata.

BabaKasaji
Watoto nimewapeleka kwa bibi yao, hakuna aliyeumwa. Ni depo, tunapoweka mahindi na makala (makaa ya kupikia). Mlango ni mmoja tu, unatokea korido. Tuko Annexe, komini (wilaya) ya pembeni ya Lubumbashi, huku mwisho ambako nyumba ni chache. Aliyemwona ni kijana wa kazi, anasema ni mweusi, mrefu kama fagio.

MzeeKamalondo
Mwanangu, nyoka hajadiliwi. Tafuta vijana wawili wenye bote (buti), fimbo ndefu na tochi kali. Mmoja asogeze mifuko, mwingine apige kichwa. Dola 30 nunulia watoto chakula. Sisi tumekua hivyo hapa Lubumbashi na tuko hai.

MuuguziRuashi
Mzee wangu, kwa heshima yote, hapo siwezi kunyamaza. Huku kwetu kuna swila, yule anayeinua shingo na kutema sumu. Mate yake yanafika mita mbili na zaidi, na analenga uso. Hao vijana wenye tochi watainama kati ya mifuko, macho yao yakiwa usawa wa kichwa chake. Nimewapokea watu wa namna hiyo zamu ya usiku. Wanafika wameyafikicha macho mpaka yamevimba, wengine wamepakwa mafuta, wengine majani. Anayetemewa aoshwe macho na maji safi, mengi, yakitiririka kwa dakika 15 hadi 20, asifikiche, kisha aletwe haraka. Jicho likichelewa linaweza kupofuka.

Jambo jingine: hata kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Msikiokote kwa mkono.

DukaLaVyuma
Mimi nauza hizo gundi, kwa hiyo nasema ninachokijua. Chukua zile za ubao, siyo za karatasi, uzipigilie misumari kwenye ubao mmoja mrefu, ulaze pembeni ya ukuta. Nyoka hapendi kukatiza katikati ya chumba, anafuata ukuta. Akinasa hatoki. Wateja wangu wengi wa Kisanga na Kalubwe wanarudi kuniambia imefanya kazi. Bei yake haifiki hata robo ya hizo dola 30.

KijanaWaVeteriner
Yaya (mkubwa wangu), akishanasa ndipo kazi inapoanza. Nani atamtoa? Mdogo atanasa mwili wote. Mwenye urefu wa fagio atanasa nusu, nusu nyingine iko huru na ana hasira. Mwalimu wetu alituonyesha nyoka aliyeletwa akiwa bado kwenye gundi: anamwagiwa mafuta ya kupikia kidogo kidogo, gundi inaachia. Hilo lilifanywa na mtu mwenye koleo refu na miwani, mezani, mchana. Siyo kazi ya korido ya giza.

Kaka BabaKasaji, niulize: kijana aliona shingo ikipanuka? Koboko, kwa mfano, siyo mweusi wa makala kama watu wanavyodhani, ngozi yake ni kijivu au rangi ya udongo. Cheusi ni ndani ya kinywa. Na kuna nyoka wa nyumba wasio na sumu, wa kahawia, wanakula panya usiku. Kwenye depo yenye giza wote huonekana weusi.

BabaKasaji
Hakungoja kuona shingo. Alitupa ndoo akakimbia.

MamaMapacha
Dola 30, na nusu kabla? Baba, nisikilize.

Mwaka juzi nyoka aliingia depo yetu kule komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nilikuwa nauza unga kwa jumla, mifuko imepangwa mpaka karibu na plafo (dari). Dada wa kazi aliona mkia tu ukipotea kati ya mifuko. Tukaletewa fundi. Mtu wa maneno matamu, amevaa koti refu na jua lile la Oktoba, begani ana gunia dogo. Akataka pesa kwanza, akataka na yai, akatutoa sote nje na kujifungia. Tukamsikia anaimba, anagonga sakafu kwa fimbo. Mara akatoka amemshika nyoka shingoni! Parseli (kiwanja) nzima ikapiga kelele, wengine wakamwongezea franka.

Mimi nilisimama karibu naye kabisa. Nikamtazama yule nyoka. Mwili unang'aa, magamba safi kama yamepanguswa. Na mle ndani, ukisogeza mfuko mmoja tu, unatoka mweupe mpaka kwenye nyusi. Nyoka aliyelala kati ya mifuko ile tangu asubuhi atatokaje bila chembe ya unga mgongoni? Nikamuuliza. Akajibu kwamba nyoka akiitwa kwa jina lake anaacha uchafu alikotoka. Mume wangu akanivuta mkono ninyamaze, nisimkasirishe mtu wa dawa.

Wiki haikuisha. Kuku wangu aliyekuwa ameatamia kwenye kona ya depo nilimkuta amekufa, shingo imevimba, na mayai mengine hayapo. Nyoka wetu hakuwa ametoka hata kidogo, na muda wote huo mimi nilikuwa naingia mle kuchota unga, mtoto mgongoni! Mpaka leo nikikumbuka hilo moyo unanienda mbio. Tuliita vijana wa shambani wakatoa mifuko mmoja mmoja kwa ndoana ndefu ya chuma, kutwa nzima, wakamkuta nyuma ya mbao. Fundi naye simu yake haikuita tena.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Ila alikung'ute gunia lake na koti lake mbele yenu kabla ya kuingia, mlango ubaki wazi mwone anachofanya, na pesa apewe nyoka akishatoka. Akikataa, aende zake.

MzeeKamalondo
Mama, hilo la unga mgongoni umeliona vizuri. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo na wa kweli, hata kule mashambani kuelekea Kipushi. Na ukienda kwa fundi usisahau jiwe jeusi, kila nyumba inapaswa kuwa nalo. Akiuma, unachanja kidogo, unaweka jiwe, linashika na kunyonya sumu mpaka lianguke lenyewe.

MuuguziRuashi
Hapana, mzee. Lile jiwe ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linashika kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vinavyonyonya unyevu wa damu. Sumu wakati huo imeshaingia mwilini. Watu wanaliamini kwa sababu nyoka wengine hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuimwaga. Mtu huyo angepona hata mngemwekea kipande cha sabuni.

MzeeKamalondo
Mdogo wangu aliumwa mguuni, tukaweka jiwe, na leo analima. Utaniambia nini?

MuuguziRuashi
Nitakuambia namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kuna wale waliokaa na jiwe mguuni usiku kucha, wakafika asubuhi kupumua hawawezi. Duniani wanakufa kati ya watu 81,000 na 138,000 kwa mwaka kwa kuumwa na nyoka, hizo ni hesabu za OMS (Shirika la Afya Duniani), na tangu 2017 wameliweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Mtu akiumwa: msichanje, msifunge kamba ya kukaza, vueni pete na bangili kabla ya kuvimba, kiungo kisitikiswe, abebwe. Na mpige simu kabla, mjue dawa ya sumu iko hospitali gani. Siyo kila kituo kinayo, na kuzunguka mji mzima usiku na mgonjwa kwenye pikipiki ndiko kunakoua.

BabaKasaji
Nimesoma yote, asanteni. Lakini bado sijui nifanye nini usiku huu. Mazuti je?

KijanaWaVeteriner
Mazuti hapana kabisa. Umesema mle ndani kuna makala. Mazuti na makala, na mtu aje na mshumaa umeme ukikatika? Halafu mahindi yakishika harufu ile, bukari (ugali) yake nani ataila? Na nyoka hatakimbia. Mazuti, kiberiti cha unga, kitunguu saumu, naftalini, vyote watu wanavitumia, lakini nyoka anarudi nyuma tu na kujisokomeza mahali usipomfikia.

Mimi ningeacha ajitoe. Kunja taulo nene, lisokomeze chini ya mlango wa depo upande wa korido, pasibaki hata upenyo wa kidole. Alichofuata mle ni panya, na panya wamefuata mahindi. Niambie tu aliingilia wapi. Depo ina klostra, yale matofali ya matundu ya hewa? Tundu la maji?

BabaKasaji
Klostra ziko juu karibu na tole (mabati). Chini kuna tundu la kutolea maji tunapoosha sakafu, linatokea nyuma ya nyumba, upana wake kama ngumi.

KijanaWaVeteriner
Basi huenda ndiyo njia yake. Liache wazi usiku huu, zima taa za nyuma, mbwa afungwe mbali. Nje ya tundu mwaga majivu, tabaka jembamba. Asubuhi utaona mstari.

FundiMatofali
Na mstari utamwambia nini? Kwenye majivu, nyoka aliyetoka na nyoka aliyeingia wanaacha alama ileile. Atafurahi, aingie depo, akute wawili.

KijanaWaVeteriner
Sawa, yaya, hapo una haki. Basi aegeshe kipande kidogo cha boksi juu ya tundu kwa nje, chepesi. Anayetoka atakisukuma kianguke nje, anayeingia itabidi akipitie pembeni. Pamoja na majivu utakuwa na picha. Kwa uhakika asilimia mia sikudanganyi, bado mifuko itatolewa mmoja mmoja, mchana, kwa ndoana ndefu na miwani ya kuchomelea.

MuuguziRuashi
Miwani iwe ile inayofunika pembeni. Na ndoo ya maji safi iwe mlangoni kabla hawajaanza.

MzeeKamalondo
Kwa hiyo nyoka aende zake kwa jirani, amwume mtoto wa mwingine? Mimi naziba tundu na kummaliza humo humo.

BibiWaPakaKatuba
Wote mnazunguka. Nyumba ikiwa na paka hakuna panya, pasipo na panya nyoka atafuata nini? Mimi nina paka watatu, na tangu niwe nao sijaona hata mkia wa nyoka. BabaKasaji, njoo Katuba nikupe mmoja jike, tayari anawinda. Usimpe samaki kila siku, ataacha kazi.

DukaLaVyuma
Mama, paka naye anaumwa. Wa jirani yangu aliletwa mlangoni amekufa, nyoka naye amekufa pembeni yake.

BibiWaPakaKatuba
Amekufa akilinda nyumba. Gundi yako hailindi, inangoja.

MamaMapacha
Paka ni mzuri kwa panya, hilo kweli. Ila mahindi yapande juu ya mbao, yasikae chini wala yasigusane na ukuta, ufagio upite nyuma. Mimi siku hizi ninapanga hivyo na naona sakafu yote.

BabaKasaji
Taulo nimeshaweka, na majivu. Fundi nimemwambia masharti ya MamaMapacha, amesema atanipigia. Jambo jingine ambalo sikusema: nyuma ya nyumba, karibu na lile tundu, kuna kichuguu kikubwa, kimepita urefu wa paa. Tulikikuta tukinunua parseli. Wiki iliyopita watu walichoma majani upande ule.

FundiMatofali
Kaka! Hilo ndilo la kusema kwanza! Kichuguu kikihamwa na mchwa ndani kinabaki mashimo tupu, na humo wanakaa nyoka, kenge, panya, kila kitu. Moto ukipita juu wanatafuta pa kukimbilia, na hapo karibu ni kwako. Hata huyu akitoka leo, kesho atakuja ndugu yake.

KijanaWaVeteriner
Kinaweza kuwa bado kina mchwa. Piga kipande cha juu, uangalie kesho yake kama wamekiziba. Wakiziba, kiko hai.

FundiMatofali
Kiwe hai kisiwe hai, kivunjwe kabla mvua za Novemba hazijakaza. Udongo wa kichuguu ndio tofali bora la kuchoma hapa Lubumbashi, nusu ya nyumba za mtaa wenu zimetoka humo. Mimi nina vijana wanne na ndoana. Sikudai pesa: tunavunja, tunapiga matofali hapohapo, wewe unachukua moja ya tatu.

MzeeKamalondo
Moja ya tatu? Udongo ni wake, parseli ni yake. Nusu kwa nusu, na kuni za kuchomea ulete wewe.

FundiMatofali
Mzee, unajua leo kuni zinauzwaje? Nusu naweza, lakini kuni atoe yeye, na maji ya kukandia yawe ya kisima chake. BabaKasaji, una kisima?